Futa ubao kwanza, ndo uandike

Wadau, leo tuongee kuhusu keneli. Wa Ualimu wenzangu msikimbie, inatuhusu!

Keneli ndo moyo wa mfumo endeshi. Ile ya Linux ina daftari lake: yanayotokea inayaandika kwa printk, sisi tunayasoma kwa amri ya dmesg. Mara nyingi maneno huandaliwa kwanza kwenye bafa, yaani kipande kidogo cha memori. Sasa lugha ya C haikufutii bafa ya ndani ya fankisheni. Unaipokea na uchafu wa aliyetangulia, kama ubao uliojaa hesabu za kipindi kilichopita.

Tuseme kifaa kimegoma kujibu. Bafa haikujazwa, lakini printk inaamriwa iichape. Itachapa ule uchafu mpaka ikutane na baiti ya sifuri. Ukibahatika, ni herufi za ajabu ajabu. Usipobahatika, ni anwani za ndani za keneli au siri ya mtu. Na wangapi wetu, mashine ikisumbua, tunanakili logi nzima na kuwatumia watu tusiowajua watusaidie?

Dawa yake ni mistari miwili mitatu: ipe bafa sifuri mwanzoni, na hakikisha kifaa kimejibu kabla ya kuchapa. Wengi wanaishia hapo. Mimi nasema haitoshi, maana keneli ina mamilioni ya mistari na binadamu anasahau. Kufuta kuwe desturi ya mfumo, siyo hisani ya mwandishi.

Nyenzo zipo. Linux 5.3 ya 2019 ilileta init_on_alloc, inayofuta memori inapogawiwa. GCC 12 ya 2022 ikaleta chaguo la kufuta hata bafa za ndani ya fankisheni. Wapinzani wanalia na kasi, ila maelezo ya keneli yenyewe yanasema init_on_alloc mara nyingi inapunguza chini ya asilimia 1, ingawa kuna majaribio yaliyofika 7. Wengine wanasema sifuri inaficha kosa. Hapo wana hoja, ndo maana kuna KMSAN, iliyoingia Linux 6.1 mwaka huohuo wa 2022, kuwanasa wanaosoma memori kabla haijaandikwa. Basi tutumie vyote: KMSAN wakati wa majaribio, kufuta wakati wa kazi.

Jamani, logi ni ushahidi. Ikichanganyika na uchafu, fundi anatibu ugonjwa usiokuwepo. Kwangu mimi hiyo asilimia 1 ni bei poa. Mnaosoma Kompyuta, mnasemaje?