"Nipo Mkwawa"

Nilirudi kwetu Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, shahada ikiwa ndani ya bahasha. Jioni babu akaniita mbele ya wazee wenzake. "Haya, msomi. Umekaa Iringa miaka mitatu. Sisi huku Mjerumani alituachia ngome pale Ikoma. Huko kwa Mkwawa alifanya nini?"

Nikajikuna kichwa. Nikasema Mkwawa alipigana na Wajerumani, mwisho akajiua.

"Hayo si uliyajua toka shule ya msingi, hapa hapa?"

Wazee wakacheka. Mimi sikucheka.

Ndugu msomaji, naandika kwa hasira, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Lakini siko peke yangu, kwa hiyo usikae kando ukanicheka na wewe.

Iringa ni mji wa vyuo, hilo halina ubishi. Kipo Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanzishwa na Walutheri miaka ya 1990. Kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Kipo Ruaha cha Wakatoliki. Pita Kihesa uone: vibanda vya fotokopi, chipsi mayai, vyumba vya kupanga. Bumu likitoka mji mzima unajua. Likichelewa, mama ntilie anaandika madeni daftarini. Mji unamjua mwanafunzi vizuri sana. Je, mwanafunzi anaujua mji? Thubutu!

Mji huu ulizaliwa vitani, jamani. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski na yeye mwenyewe akafa hapo. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga. Kisha wakajenga boma lao kwingine, na hapo ndipo palipoota Iringa mjini ya leo. Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliidai Ujerumani fuvu lake, na likarudi 1954. Liko Kalenga, kwenye makumbusho.

Kalenga iko kilometa kama 15 tu kutoka mjini. Kwa miaka mitatu sikukanyaga! Kila siku nilimwambia mtu kwenye simu "nipo Mkwawa", nikimaanisha bweni, desa na foleni ya msosi. Jina la mtu aliyekataa kukamatwa nililigeuza anwani.

Na sisi tunaojiita waandishi ndio wabaya zaidi. Tukitaka mji wa wasomi kwenye hadithi, tunampeleka mhusika Heidelberg: daraja la mawe, theluji, chuo cha tangu 1386. Sawa, Heidelberg ina sifa zake. Ila tusidanganyane, usomi wa Kijerumani haukuwa vitabu tu. Kule Berlin, Felix von Luschan alikusanya mafuvu ya watu kwa maelfu, yakiwemo ya kwetu Afrika Mashariki, eti kwa ajili ya sayansi. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai, hapa Tanzania, wa baadhi ya mafuvu hayo. Mwaka huo huo Rais Steinmeier alikuja Songea kuomba radhi kwa yaliyotendeka wakati wa Majimaji.

Wao sasa wanahangaika kuipa mifupa majina. Sisi tunalo fuvu lenye jina, jirani na bweni, na hatuendi hata kulitazama.

Najua utanijibu: "Tumbo kwanza, mshikaji. Mtihani hauulizi Kalenga." Ni kweli hauulizi. Lakini nauli ya kwenda na kurudi haikufikia pesa niliyoteketeza Ijumaa moja tu na washkaji. Na muuza ulanzi aliyekuwa akinisalimia "kamwene" kila jioni huenda ana babu aliyesimuliwa habari za Lugalo na waliokuwepo. Sikumwuliza. Nilikuwa namwuliza bei tu.

Mji wa chuo kikuu unapaswa kuwa mji unaoulizwa maswali na wanafunzi wake. Usipoulizwa, ni stendi: watu wanashuka, wanasubiri shahada, wanapanda basi lingine.

Babu bado anasubiri jibu lake, na nitalifuata Kalenga, safari hii nikiwa na daftari. Nikirudi nitamwuliza na yeye habari za ngome ya Ikoma, maana hata hiyo sijawahi kuiandikia mstari mmoja.

Na wewe uliye "Mkwawa" usiku huu, kesho asubuhi unakwenda wapi?