Kikopo Hakina Simba wala Yanga

Mpe mtu nafasi ya kuchagua wachezaji wa zamani, atakuchagulia walewale. Naanza na hoja hiyo mapema kabla watu hawajaanza kunirushia mawe.

Hapa Miono kijiweni kwetu kuna ligi ya makaratasi. Kila mchezaji wa zamani ana kadi iliyokatwa kwenye jalada la daftari, na juu yake zimeandikwa namba sita. Unarusha dadu, namba inakwambia kama kafunga, kapoteza mpira, kazuia au katolewa nje. Timu ni nane. Majina yanaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa kwenye kopo la maziwa, na kila kocha anaokota bila kuchungulia. Siku hizi limezuka kundi linalotaka kopo litupwe. Wanataka makocha wachague kwa zamu, eti ligi iwe na hadhi.

Mimi napinga. Na napingia hapa, kwenye ukurasa wa wapenda vitabu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wetu pia.

Hebu tuangalie kuchagua kunafanya nini. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao sita kwa bila. Uliza popote pwani hii, utajibiwa haraka: Kibadeni, mabao matatu. Haki yake, hakuna anayembishia. Lakini uwanjani walianza watu ishirini na wawili. Wengine wako wapi? Au chukua Taifa Stars. Kila mtu anamjua Peter Tino, aliyefunga kule Ndola mwaka 1979 tukapata tiketi ya fainali za Afrika. Sasa muulize huyohuyo mtu: tulipofika Lagos mwaka 1980, nani alitufungia? Tulipata mabao matatu katika mechi tatu. Moja la Juma Mkambi, mawili ya Thuwein Ally. Mfungaji wetu bora katika mashindano makubwa kuliko yote tuliyokuwa tumewahi kucheza, na ukiwapa makocha wanane nafasi ya kuchagua, huenda wote wakampita. Ndiyo hadhi hiyo tunayoitafuta?

Wapinzani wangu wana methali yao: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezaji mzuri, wanasema, jina lake litafika tu. Jamani, kizuri hujiuza kikishafikishwa sokoni. Mseto ya Morogoro ilichukua ubingwa wa Bara mwaka 1975. Tukuyu Stars iliuchukua 1986, Coastal Union 1988. Hebu nitajie wachezaji watatu wa Mseto. Unaona? Walikuwa mabingwa wa nchi nzima, ila hawakuwa na mtaa Kariakoo wa kuwasimulia kila jioni. Wanaochagua wanafikiri wanapima vipaji, kumbe wanapima kelele.

Kikopo hakina Simba wala Yanga. Kinakupa jina usilolijua, na jina usilolijua linakulazimisha kuuliza. Nimeona kijana kaokota beki wa Tukuyu Stars, akalalamika weee, kisha jioni yake akaenda kwa mwalimu mstaafu kumuuliza huyu mtu alikuwa anachezaje, maana bila hilo hawezi kumwandikia kadi. Aliyechagua Sunday Manara hahitaji kumuuliza mtu yeyote. Ameshajua, au anadhani ameshajua.

Hoja yao yenye uzito ni moja tu, nisiikwepe: kura inaweza kumpa mmoja nyota wanne na mwenziwe asiambulie hata mmoja. Kweli. Lakini akina mama zetu wanacheza mchezo wa pesa miaka yote, zamu zinapangwa kwa kuokota karatasi, na aliyeangukia mwisho hasemi mchezo hauna hadhi. Halafu makocha wanaruhusiwa kubadilishana wachezaji baada ya kura. Na kocha wa kweli wa timu ya wilaya hachagui Manara. Anapanga hao aliopewa. Ufundi wake uko hapo.

Wamarekani wamekula chumvi nyingi katika mchezo huu kuliko sisi. Strat-O-Matic, besiboli ya kadi na dadu, inauzwa tangu 1961. Mwaka 1968 Robert Coover akaandika riwaya nzima kuhusu mhasibu aitwaye Henry Waugh, anayeendesha ligi ya dadu nyumbani kwake. Dadu zinamuua mchezaji kijana anayempenda kuliko wote. Henry hawezi kuvumilia. Mwishowe anazigeuza dadu kwa mkono wake ili aliyemrushia kijana ule mpira afe naye. Wengine wanaisoma kama riwaya ya mtu na Mungu. Mimi naisoma pia kama onyo kwa makocha wa Miono: siku unayoingiza mkono wako, ligi inakwisha na unabaki na tamaa zako.

Lakini Wamarekani wana kitu sisi hatuna. Archibald Graham, waliyemwita Moonlight, aliichezea New York Giants mechi moja tu mwaka 1905, na hakupata hata nafasi ya kushika gongo. Aliandikwa. Kwa kuwa aliandikwa, W. P. Kinsella alimkuta na kumtia kwenye riwaya yake *Shoeless Joe* ya mwaka 1982, na leo anajulikana kuliko wengi waliocheza miaka kumi. Ukipiga kura kule, hata mtu wa mechi moja yumo ndani ya kopo.

Ndani ya kopo letu yumo nani? Hapa ndipo nawageukia hata wenzangu tunaoitetea kura. Vikaratasi viliandikwa na sisi, kwa majina tunayoyakumbuka. Kwa hiyo tulishachagua kabla ya kuokota. Hamna hata mwanamke mmoja mle, ilhali Twiga Stars walicheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, wakati wanaume walikuwa hawajarudi kwenye fainali zao tangu ile Lagos ya 1980. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nasi wa vitabu tusicheke. Kila mwaka tunatoa orodha ya riwaya kumi bora za Kiswahili, na kila mwaka ni Shaaban Robert, Kezilahabi, Shafi Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed. Sina ugomvi nao. Nawasoma na nitaendelea kuwasoma. Ugomvi wangu ni na orodha isiyomtuma mtu maktaba. Fumba macho, vuta kitabu kwenye rafu, kisome hadi mwisho, kisha uje utuandikie. Tukifanya hivyo watu hamsini, tutakuwa na ukurasa tofauti kabisa.

Kwa ligi yetu napendekeza sheria moja tu. Kopo libaki, na kabla ya msimu ujao kila kocha alete majina matatu ambayo hayajawahi kuingia ndani yake. Kila jina liwe na shahidi: nakala ya zamani ya *Uhuru* au *Mzalendo*, au mzee aliyecheza naye. Magazeti yanaoza na wazee wanaondoka. Asiyeleta majina matatu asiokote.