Safari ya Pwani Wakati wa Maradhi

Watu wa Isaka hawakuanza jana kusafiri kwenda pwani. Kabla ya reli kujengwa, Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wakienda Bagamoyo kwa miguu, wakichukua mizigo katika misafara ya pembe za ndovu. Na katika Unyamwezi ya karne ya 19 kijana aliyekwisha kuiona bahari alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, safari ya miezi ikawa safari ya siku. Leo Isaka ni bandari ya nchi kavu, na malori yanayotoka Dar es Salaam hupita hapo yakielekea Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo tunapouliza kama yafaa mtu aende pwani wakati wa maradhi yaliyoenea dunia nzima, tusidhani kwamba swali hilo ni la watalii peke yao. Linamhusu mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda Muhimbili, mfanyabiashara anayefuata bidhaa Kariakoo, dereva na utingo wake, na shule inayotaka wanafunzi wake wakayaone magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Unguja. Watu hawa aghalabu hupewa ushauri wa namna mbili: wengine huwaambia wasiende kabisa, na wengine huwaambia waende tu, maadamu kila jambo limekwisha kuandikwa. Rai yangu ni kwamba ushauri wote huu una kasoro moja: hautumii hesabu. Hatari ya safari hupimika, na mwanafunzi wa sekondari anao ujuzi wa kutosha wa kuipima.

Maradhi hufuata watu

Kwanza tuondoe dhana kwamba pwani ndiyo chimbuko la maradhi na bara ndiyo salama, au kinyume chake. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876. Aliona kwamba mara ile ugonjwa haukuja kwa jahazi. Ulishuka kutoka bara kwa njia za misafara, ukapitia nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, kisha ukavuka bahari. Lakini mwaka 1918 mambo yalikuwa kinyume: homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia iliingia Afrika Mashariki kwa meli, ikapanda bara kwa reli na kwa majeshi.

Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba maradhi hayana kabila wala upande. Huenda wanakokwenda watu, kwa chombo kile kile wanachokipanda watu. Mwaka 2020 madereva wa malori walipimwa mipakani mwa Afrika Mashariki, foleni zikawa ndefu, na katika miji mingi dereva akatazamwa kana kwamba yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Kumpima dereva kulikuwa na maana. Kumchukia hakukuwa na maana yoyote, kwani chumvi, mafuta na dawa za watu hao hao zilikuwa juu ya lori lake.

Msafiri asiye na takwimu

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa wiki ile ile. Mwanzoni mwa Mei idadi iliyotangazwa ilifikia wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo taarifa za idadi zikasimama hadi mwaka 2021. Katika Mei 2021 wasafiri waliotoka nje walitakiwa waje na cheti cha kipimo kilichochukuliwa katika muda usiozidi saa 72, na tarehe 28 Julai 2021 chanjo ilizinduliwa rasmi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023.

Msomaji atambue jambo hili: mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Unguja aliwekewa cheti, lakini abiria aliyepanda basi Isaka hakuwa na cheti, na kwa muda wa mwaka mzima hakuwa hata na idadi ya wagonjwa. Naamini kwamba idadi ya wagonjwa ni mali ya wananchi na haifai kukatizwa, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kujua kama mvua inanyesha au imekwisha. Hata hivyo, aliyekosa takwimu asikose elimu. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza sababu za maradhi yao, wakachimba vyoo. Hawakungoja mtaalamu afike katika kila nyumba. Walipewa sababu, nao wakatenda.

Hesabu ya hewa

Tuje sasa kwenye kiini cha jambo. Virusi vya UVIKO-19, kama vile vya mafua, hutoka pamoja na pumzi, sauti na kikohozi katika matone ya ukubwa mbalimbali. Matone makubwa huanguka upesi. Yale madogo kabisa huweza kuelea hewani kwa saa nzima au zaidi, kama moshi wa sigara. Wataalamu wenyewe walichelewa kulikiri hili. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ugonjwa huu hauenezwi kwa hewa. Mwaka 2021 likakubali kwamba waenezwa. Ndiyo maana ndoo za kunawia mikono ziliwekwa katika kila mlango, ilhali madirisha yalibaki yamefungwa.

Tuchukue mfano unaoweza kuandikwa ubaoni. Basi lina abiria 50, na nafasi ya hewa ndani yake ni meta za ujazo 50. Mtu aliyeketi hupumua takribani nusu meta ya ujazo ya hewa kwa saa, kwa hiyo abiria wote kwa pamoja hutoa meta za ujazo 25 za hewa iliyokwisha kutumika katika kila saa. Kama basi lingezibwa kabisa, baada ya saa mbili kiasi cha hewa kilicho sawa na hewa yote ya humo kingekuwa kimekwisha kupita mapafuni.

Basi halizibwi kabisa. Tuseme madirisha yamefungwa, na hewa ya nje inayoingia yatosha kuibadili ile ya ndani mara 5 kwa saa, yaani meta za ujazo 250. Gawanya 25 kwa 250: sehemu moja katika kumi ya kila pumzi ni hewa iliyokwisha kutumika. Sasa tufungue madirisha, hewa ibadilike mara 40 kwa saa, yaani meta za ujazo 2,000. Gawanya tena: ni sehemu moja katika 80.

Kutoka Isaka hadi Dar es Salaam kwa kupitia Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ni safari ya zaidi ya saa 12. Katika saa 12 abiria mmoja hupumua meta za ujazo 6, sawa na lita 6,000. Madirisha yakiwa yamefungwa, lita 600 kati ya hizo ni za hewa iliyotumika. Yakiwa wazi, ni lita 75. Kama mmoja wa abiria 50 ni mgonjwa, basi fungu litokalo kwake ni takribani lita 12 katika hali ya kwanza, na lita moja na nusu katika hali ya pili. Mgonjwa ni yule yule na safari ni ile ile. Kilichobadilika ni dirisha.

Mfano huu umerahisishwa, kwani hewa ya basi haichanganyiki sawasawa na aketiye karibu na mgonjwa hupata zaidi. Walakini unatufundisha kwamba dozi ni zao la mambo mawili: wingi wa hewa iliyotumika na muda wa kuivuta. Mwaka 2020 mabasi ya mijini yaliamriwa yabebe abiria kwa idadi ya viti tu. Amri hiyo ilikuwa na faida, lakini ilihesabu viti bila kuhesabu hewa. Tangu mwaka 2023 mabasi ya masafa yanaruhusiwa kusafiri usiku; nyanda za Singida huwa na baridi usiku, na abiria hufunga vioo. Na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina mabehewa ya viyoyozi ambayo abiria hafungui dirisha kama katika gari moshi la zamani. Sehemu ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilometa 341, nayo iko katika mpango huo huo. Yafaa tuulize mapema: kiyoyozi hicho huingiza hewa mpya kiasi gani kwa kila abiria? Kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile hupoza tu. Hakisafishi, isipokuwa kina kichujio kinachofaa. Wasimamizi wa usafiri wangetangaza kiasi hicho kama wanavyotangaza nauli.

Pwani yenyewe

Msafiri akifika pwani, hesabu hubadilika kwa faida yake. Ufukweni, pepo za kaskazi au za kusi huichukua pumzi ya mgonjwa kabla haijajikusanya. Asiseme kwamba joto au chumvi ya bahari ndiyo inayomlinda, kwa kuwa Dar es Salaam na Unguja ziliugua pamoja na joto lao. Wala kujifukiza hakuwezi kusafisha hewa ya chumba. Mvuke waweza kumpa mtu nafuu ya pua, nao waweza pia kumwunguza. Kinachomlinda ni nafasi wazi. Akiketi ufukweni mchana kutwa na usiku akalala na wenzake wanane katika chumba kimoja kilichofungwa, amekipoteza kile alichokipata. Katika boti iendayo Unguja, safari ya takribani saa mbili, sitaha ni bora kuliko ukumbi wa chini. Pasipo na nafasi wala dirisha, barakoa iliyokaa vizuri usoni ndiyo ngao, na chanjo hupunguza ukali wa ugonjwa kwa yule atakayeupata.

Lakini si kila maradhi huenda kwa hewa. Mlipuko wa saba wa kipindupindu duniani ulianza mwaka 1961 na bado haujakwisha. Ulifika Afrika mwaka 1970. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam katika Agosti 2015 uliwapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Hapa dirisha halina kazi. Kazi ni ya maji, choo na sabuni. Msafiri anywe maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, ale chakula kikiwa moto, anawe kabla ya kula. Akiharisha maji matupu, asingoje: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe njiani huku akipelekwa kituo cha afya. Kwa hiyo swali la kwanza katika kila mlipuko liwe hili: ugonjwa huu husafiri kwa njia gani? Asiyelijua jibu hufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Kurudi nyumbani

Jambo linalosahauliwa zaidi ni kurudi. Kijana mwenye afya huweza kuupata ugonjwa pwani na asijue, kwani dalili za UVIKO-19 hujitokeza kati ya siku 2 na 14, na mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kuziona. Yeye atapona. Bibi yake, ambaye hajawahi kuiona bahari, ndiye atakayeulipa mkopo wa safari hiyo. Kwa desturi zetu, anayetoka safari huenda kwanza kuwaamkia wazee, na hatupaswi kuiacha heshima hiyo. Awaamkie uani, chini ya mti, kwa siku kadhaa za kwanza, naye alale peke yake ikiwezekana. Mzee aliyeelezwa sababu hatahesabu kwamba amedharauliwa.

Walimu wenzangu, maradhi mengine yatakuja. Hatujui mwaka wala jina lake. Nashauri kwamba kila shule inayopanga ziara ya pwani iandike kwanza hesabu ya hewa ya basi lake, kama inavyoandika hesabu ya mafuta na chakula. Wanafunzi wapime urefu, upana na kimo cha basi, wahesabu abiria, waone hewa iliyotumika ni sehemu ngapi katika kila pumzi. Kazi hiyo ni ya kipindi kimoja cha fizikia, haihitaji maabara, na mwanafunzi aliyeifanya ataweza kusimama ndani ya basi usiku, pale Singida, akamwambia jirani yake kwa adabu kwa nini inafaa kioo kifunguliwe kidogo.