Rangi bila gari

Baraka, Fizi: Fundi anayejiundia gari anajua: kabla ya rangi, bati lisuguliwe msasa mpaka kutu iishe. Wakubwa huiruka kazi hiyo, wakakimbilia picha.

Huko Kenya, mwaka 1986, Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi gari la nchi. Magari matano ya Nyayo yakang'arishwa, yakaonyeshwa 1990 kwa shangwe. Pesa za kiwanda zikakosekana, yakaishia hapo.

Goma nako kuna sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu, ila vijana wanaosukuma chukudu za mbao wangali wanahema.

Makofi yatosha! Fundi wa Baraka apewe umeme, mkopo na barabara ya Uvira inayopitika, mama aliyekimbia vita aache kubeba mizigo kichwani. Rangi, fundi atajinunulia mwenyewe.