Usisasishe duka mwisho wa mwezi

Wenye maduka ya WooCommerce, tuongee ukweli. Fundi anayesasisha duka likiwa wazi, tena Ijumaa ya mshahara, msimlipe! Tangu toleo la 8.2, Oktoba 2023, oda za duka jipya hukaa kwenye majedwali yake maalum. Ukihamisha la zamani huko, plagini ya M-Pesa ya kitambo inaweza kuzitafuta pale pa zamani: mteja ametoa pesa, duka linasema hajalipa. Na simu ya kwanza atampigia nani? Wewe, si fundi. Tengeneza nakala ya duka kando, sasisha hiyo kwanza, kisha ujinunulie kitu cha shilingi 10 mpaka oda isome imelipwa. Bakapu nayo chukua dakika ileile unayoanza. Ukirudisha ya jana, oda za leo zimeenda.