Majina Tunayoyaruka

Wako wengi miongoni mwetu ambao, wakifungua Injili ya Mathayo, huruka mistari 17 ya kwanza. Husema, "Majina matupu!" Mimi naona wanaoiruka orodha ile wanapitwa na jambo kubwa, tena linalotuhusu sisi tunaolala bweni moja.

Kutaja wazee si jambo geni kwetu. Katika Buganda mtu aliyelelewa vema aweza kutaja baba yake, babu yake na ukoo wake mbele ya wageni, wala hakuna amwonaye kuwa anapoteza wakati. Wayahudi nao walizitunza sana nasaba zao. Katika Ezra, sura ya 2, twasoma habari za jamaa za makuhani waliorudi kutoka Babeli. Kwa kuwa majina yao hayakuonekana katika orodha, waliondolewa katika ukuhani. Basi orodha ilikuwa kama mlango: mwenye jina aliingia, asiye na jina alibaki nje.

Sasa tazameni Mathayo aliwaingiza akina nani. Kabla ya kumfikia Mariamu, amewataja wanawake wanne. Tamari alizaa na Yuda, baba wa waume zake. Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Torati iliwakataza Wamoabi kuingia katika mkutano wa Bwana. Wa nne ameitwa mke wa Uria tu, ili tusisahau kwamba mfalme Daudi alimtwaa mke wa mtu, kisha akamwua mumewe. Wala msidhani kwamba Mathayo hakujua kuacha majina. Alipanga vizazi vyake kwa mafungu ya 14, na kati ya Yoramu na Uzia amewaacha wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. Wafalme waliachwa, Rahabu akabaki!

Wazee husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Orodha hii haikubali. Hezekia, aliyemcha Mungu, alimzaa Manase, aliyempitisha mwanawe motoni. Na mjukuu wa Manase ni Yosia, aliyelitengeneza hekalu. Wema haurithiwi kama shamba, wala uovu si alama ya kuzaliwa nayo.

Tena wako akina Azori, Akimu na Eliudi, ambao Maandiko hayatuelezi walifanya nini. Hawakujenga mji wala kushinda vita. Walilea watoto wao, wakafa. Hata hivyo, ukimwondoa mmoja wao mnyororo wakatika. Ninyi mliomaliza shule, ambao labda mnafundisha watoto kijijini na kudhani mmesahauliwa, lisomeni fungu hilo polepole.

Lakini ajabu kuu i mwishoni. Katika orodha nzima kila baba amemzaa mwanawe, hata tumfikie Yusufu; hapo Mathayo hasemi kwamba Yusufu alimzaa Yesu. Asema tu kwamba Yusufu ni mume wa Mariamu. Maana yake ni kwamba Yesu aliupata ukoo wa Daudi kwa sababu fundi seremala mmoja alikubali kumpokea na kumpa jina. Kiungo cha mwisho si damu, ni malezi.

Basi, ndugu zangu, tunapata haki wapi ya kumcheka mwenzetu kwa kuwa kabila lake ni geni hapa, au kwa kuwa alilelewa na mjomba wala hamjui baba yake? Na wewe unayechekwa, usiinamishe kichwa. Mungu alipomwandalia Mwanawe ukoo, hakuchagua ukoo usio na doa. Tusiiruke tena orodha hiyo, kwa maana kila mmoja wetu aweza kujiona ndani yake.