Kipupwe Nyanda za Juu Kusini: Wastani wa Joto Hauelezi Yote Kuhusu Baridi ya Usiku

Wiki ijayo mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, pamoja na maeneo ya miinuko ya Songwe, Rukwa na Ruvuma, itaendelea kuwa katika kilele cha kipupwe, msimu wa baridi unaoanza Juni na kumalizika Agosti. Katika kipindi hiki jua la utosi huwa kaskazini mwa Ikweta, huku migandamizo mikubwa ya hewa iliyoko kusini mwa Bahari ya Hindi na Bahari ya Atlantiki ikiimarika na kusukuma hewa baridi na kavu kuelekea nchini. Hewa hiyo ndiyo huleta upepo wa kusi katika Pwani na baridi kali milimani.

Mwelekeo wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hueleza iwapo joto litakuwa la wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Maneno hayo huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Joto la juu ya wastani katika wilaya ya Makete halina maana kwamba hapatakuwa na baridi. Maana yake ni kwamba, kwa jumla ya miezi mitatu, hali itakuwa na joto kidogo kuliko ilivyozoeleka katika wilaya hiyo hiyo. Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kutokea ndani ya msimu kama huo na kuunguza shamba zima.

Ndiyo maana mkulima wa viazi mviringo, chai au mboga anapaswa kuutazama zaidi utabiri wa siku chache zijazo, na ndani yake aangalie mambo matatu: kiwango cha chini cha joto, mawingu na upepo. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake kwa haraka kuelekea angani. Upepo nao ukitulia, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Hapo ndipo sakitu hutokea, na hapo ndipo penye vinyungu vingi vinavyolimwa wakati wa kiangazi.

Jambo jingine ni kwamba vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa ndani ya kibanda maalumu, zaidi ya mita 1 kutoka ardhini. Katika usiku mtulivu, majani ya mimea iliyo karibu na ardhi huweza kuwa na baridi zaidi kuliko kipimo kinachotangazwa. Kwa hiyo, utabiri wa nyuzi joto 3 au 4 za Selsiasi unatosha kumfanya mkulima wa bondeni achukue hatua: kumwagilia mapema ili udongo wenye unyevu uhifadhi joto la mchana, kufunika miche kwa nyasi jioni na kuifunua asubuhi, na kuelekeza upandaji mpya kwenye miteremko.

Hatari kubwa zaidi kwa maisha ya watu imo ndani ya nyumba. Jiko la mkaa linalowekwa chumbani usiku, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Anayelala huivuta bila kushtuka, na familia nzima inaweza kupoteza maisha kabla ya alfajiri. Mkaa usiotoa moshi si mkaa salama. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, na joto litafutwe kwa nguo nzito na mablanketi. Watoto wachanga na wazee wapewe kipaumbele, kwa kuwa nimonia huwaathiri zaidi.

Kwa wavuvi na wasafiri wa majini, msimu huo huo huja kwa sura ya upepo. Kusi huvuma kwa nguvu Bahari ya Hindi na katika Ziwa Nyasa. Taarifa za TMA hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 ni zito kwa mtumbwi na ngalawa, hata kama meli kubwa itaendelea na safari.

Utabiri hubadilika kadiri takwimu mpya zinavyopatikana, hivyo taarifa ya Jumatatu haitoshi kwa uamuzi wa Ijumaa. Wananchi wanahimizwa kufuatilia taarifa za kila siku za TMA na kupata ufafanuzi kwa maofisa ugani na wataalamu wa afya walio katika maeneo yao. Kwa mwenye kinyungu bondeni, taarifa muhimu kuliko zote ni ile ya jioni kabla ya usiku mtulivu usio na mawingu.